Mungu wa Aliyelelewa na Bibi

Kisa hiki alinisimulia shangazi mwaka jana, tukipukuchua mahindi. Kanisani Mwamkulu, katekista alikuwa akimhoji mwanamke mmoja kabla ya kumruhusu abatizwe.

"Mungu ni nani kwako, mama?"

"Ni bibi yangu."

Wenzake waliosubiri kubatizwa wakacheka. Katekista akainua kiganja. "Sema Baba, la sivyo hubatizwi."

"Mwalimu, baba simjui. Aliyenibeba mgongoni ni bibi. Nikisema Baba, nitakuwa naongea na mgeni."

Katekista akashusha kiganja. "Basi mwite unavyoweza. Ataitika."

Akabatizwa. Sisi tunaosema Baba kila Jumapili hatujaulizwa tunamwona nani.

Katekista tulishamzika. Shangazi yu hai, na mwanamke yule pia. Wajukuu wake husali kwa Mungu Baba, naye hawakatazi.