Kitwitwi Aliyevaa Nyekundu

Mnisamehe kwa mwandiko na herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la saba na huandika polepole. Lakini jana nilipita mtaa wa Gerezani nikakuta lile duka la kusafisha picha sasa linauza kava za simu, nikaona nisipoandika nitasahau.

Nilikuwa na miaka kumi. Bibi aliuza uji wa ulezi hapo hapo, karibu na mafundi wa magari, nami nilikuwa msichana wa kuosha vikombe. Harufu ya tangawizi ilichanganyika na ya grisi, hadi leo nikinusa grisi nasikia njaa.

Jirani yetu alipiga picha za harusi. Jumapili asubuhi, maji ya bahari yakipwa, alinipakia kwenye pikipiki hadi matope ya mto Msimbazi, upande wa Upanga, kupiga picha za vitwitwi, ndege wadogo wa miguu mirefu. Alinichukua kwa sababu sikuwa na maneno. "Ndege hafuatwi," alisema. "Tulia, akufuate yeye."

Siku zote walikuwa wa kijivu. Masika yalipoanza, nikaona mmoja mwekundu kifuani kama tofali. Jirani akasema huvaa hivyo wakikaribia kusafiri mbali kaskazini kutaga. Nilipomwambia bibi, alicheka. "Ndege wa matope ni rangi ya matope, mjukuu wangu." Mafundi wakaniita Kitwitwi Mwekundu. Nikazidi kunyamaza.

Jumapili iliyofuata jirani alinipa kamera. Nililala kifudifudi juu ya kiroba mpaka mkono ukafa ganzi. Wakaja wanne, wekundu wote, karibu kabisa. Nikabonyeza.

Kesho yake nilipeleka kadi ya kamera dukani. Saa nane jirani angeifuta, apate nafasi ya harusi ya Magomeni. Fundi wa picha akanikabidhi bahasha. Ndani, ndege wanne wa kijivu.

"Nimekusafishia," akasema. "Kamera yenu inatia wekundu. Bi harusi wa juzi alitoka kama nyanya."

Nilifika mlangoni, nikarudi.

"Kaka, walikuwa wekundu kweli."

"Nani kasema?"

"Mimi. Niliwaona."

Mteja mmoja, fundi wa magari aliyekunywa uji kwetu, akacheka. "Huyu hata shikamoo humtoka kwa shida, leo anatetea ndege. Mtolee tu."

Fundi wa picha akaitoa upya, bila kugusa rangi.

Bibi aliisogeza picha karibu na macho, akakaa nayo mpaka uji ukaanza kushika chini. "Kumbe nao wana nguo za safari," akasema. Aliibandika juu ya vikombe, na kila fundi aliyekuja kunywa alielekezwa aitazame kwanza.

Bibi hayupo tena, jirani amehama, na ile picha iliishia kulowa mvua. Lakini Aprili hii nilikwenda mwenyewe matopeni. Walikuwepo. Kwenye simu yangu wametoka kama madoa tu, ila mekundu.

Kama unaishi karibu na matope yoyote, niandikie. Wa kwenu wameshavaa? Andika hata kwa kukosea. Nitasoma polepole.