Viti Vilivyofunika Mabomba

Mimi ni mtu wa hasira, hilo kila mtu wa mtaa wetu wa Makomeno analijua. Lakini siku ile hata hasira ilinikimbia, ikabaki haya tupu.

Ilikuwa wakati Katanga imejitenga na Kongo, na sisi watu wa Kasai tulikuwa tunatazamwa mjini kwa jicho baya. Wengi walikuwa wanafunga mizigo. Mimi na bibi yangu, ndoa yetu bado mpya, tulikuwa tunalala katika karavani, ile nyumba ya magurudumu ambayo patron, bosi wangu, alizoea kuivuta nyuma ya gari lake akienda matembezi. Alipokimbia nchi aliniachia niilinde uani kwake. Basi mama mkwe akatuma neno: anarudi Kasai kwa treni, lakini kwanza atakuja kuona mahali binti yake analala. Pasipomridhisha, ataondoka naye.

Ee Mungu wangu! Sakafu ilikuwa imeoza kwa mvua, mguu unazama. Nikaing'oa yote pamoja na makabati, nikapigilia mbao mpya. Zilikaa vizuri, ila sasa mabomba ya maji na nyaya za umeme, vilivyokuwa vimejificha nyuma ya makabati, vikabaki wazi ukutani, toka mlangoni hadi mwisho. Uso ukanichoma. Mama wa watu aingie akute vile? Atasema nimemlaza mtoto wake ndani ya mashine.

Nikatengeneza sanduku refu kufuata ukuta. Nyaya nilizipandisha juu, mabomba nikayaacha chini, maji yakivuja yasiziguse. Kifuniko sikukipigilia misumari, ili kiinuliwe bomba likileta matata. Mbao zilipopungua, nikavunja viti vyetu, nikakimalizia. Sanduku lilikula nafasi yote, kwa hiyo kitanda nikakitoa, godoro nikalitandika juu ya sanduku. Nilijisifu, jamani! Niliimba.

Mama mkwe alifika na bibi yangu, aliyekuwa amekwenda kumpokea. Kwetu mwanamume hakai chumba kimoja na mama mkwe wake, wala hasemi naye uso kwa uso. Nikajitoa, nikasimama chini ya dirisha, masikio wazi.

"Mama, muikale," bibi yangu akasema, akimkaribisha kuketi.

Kisha mama mkwe: "Nitaikala wapi? Hii si kitanda yenu?"

Kwetu mama haketi kwenye kitanda anacholala mkwe wake. Ni haya kubwa, kwake na kwangu. Na mle ndani hamkuwa na kitu kingine cha kukalia. Jambo hilo nimekua nalo, na mimi, mjinga mkubwa, nilivunja viti kwa mikono yangu nikiimba!

Nikakimbia kwa jirani kuazima. Kufuli mlangoni, nao walikuwa wamekwenda Kasai. Nikarudi, nikamwambia bibi yangu dirishani: "Inua kifuniko! Ulete inje, tukiweke juu ya matofali, mama aikale!"

Nikasikia godoro likivutwa. Halafu sauti ya mama mkwe, taratibu: "Kumbe, matumbo yake njo haya." Mabomba yangu yote, nyaya zangu zote, aliziona. Akaongeza: "Na hii libao, si munalalaka juu yake? Rudisha."

Alisimama muda wote. Maji aliyanywa amesimama, habari za safari alizitoa amesimama, mama mwenye miguu iliyovimba. Mimi pale nje nilitamani ardhi inimeze.

Alipotoka alinipa mgongo, kama inavyotakiwa, akasema na binti yake ili mimi nisikie: "Ubaki na bwana yako. Nyumba iko muzuri, alitumika kazi sana. Lakini kule kwetu bakiniuliza, nitasema sikufika. Sikuikala, sikufika."

Jioni nilichukua msumeno, nikakikata kile kifuniko, nikatengeneza kiti. Mabomba yakabaki wazi, godoro tukalitandika sakafuni, na hakuna aliyejali. Bibi yangu alikiweka kiti karibu na mlango.

Mama mkwe hakupata njia ya kurudi kututembelea. Habari za kifo chake zilitufikia kwanza. Tumeshahama karavani ile siku nyingi, na kiti tulihama nacho. Mgeni akitaka kukikalia, bibi yangu humsogezea kingine, akamwambia hicho kina mwenyewe.