Mirathi ya Mtengeneza Mashine

Mwaka 2009, misako ilipopamba moto Guangzhou, wakaguzi walifunga ghala lenye mashine zangu mia mbili za kupukuchua mahindi kwa mkono. Walisema ni bidhaa za kughushi, na baada ya siku tano zingepondwa. Nyumbani Mbeya mahindi yalishaanza kukauka shambani, na watu niliowaahidi walikuwa wananisubiri.

Kosa lilianzia karakana nilikoagiza zitengenezwe. Laoban, yaani bosi mwenye karakana, alikuwa mama mkavu wa maneno. Mafundi wake walipewa mashine kuukuu kama sampuli ya kuiga, wakaibana kwenye mchanga wa kalibu kama ilivyo na kusubu, yaani kumimina chuma kilichoyeyushwa. Kila mashine ikatoka na jina la mtu na la kaunti moja ya Marekani.

"Kwa nini hukuyafuta?" nilimuuliza.

"Rafiki, mimi nilidhani ni urembo. Wewe unayesoma uliishika sampuli. Mbona hukusema?"

Hakukosea. Niliipima sampuli ile kwa rula, meno, mpini, hadi matundu ya skrubu. Maandishi niliyapita tu.

Nilikwenda kwenye duka la intaneti karibu na barabara ya Guangyuan Xilu. Kaunti ile ilikuwa imeweka kumbukumbu zake za zamani mtandaoni, na siku hiyohiyo nikaipata hataza ya mtu yule, hati ya haki ya mvumbuzi, pamoja na mchoro wa mashine yangu jino kwa jino. Muda wake ulikwisha kabla babu yangu hajazaliwa. Mkaguzi aliitazama, akatikisa kichwa. Umbo sawa, alisema, lakini jina je? Huenda watoto wake bado wanalitumia.

Nikarudi kutafuta kifo chake. Mkongo niliyepanga naye chumba alicheka: "Kaka, wengine banatafuta wanawake ku internet. Weye unatafuta mufu."

Mafaili ya mirathi yalipangwa kwa majina ya wasimamizi, si ya marehemu, kwa hiyo niliyasoma moja moja. Siku ya nne nikampata. Hakuacha mke wala mtoto. Karakana ilifungwa, na kalibu zake ziliuzwa kama chuma chakavu. Niliagiza tafsiri ya Kichina ya faili lile, yenye mhuri.

Mkaguzi aliisoma yote. "Sageni herufi, mchukue mzigo," alisema, akabandua karatasi ya kufungia mlangoni mwa ghala kwa mkono wake.

Tulisaga mchana kutwa. Laoban mwenyewe alivaa miwani ya kazi. Katikati ya kazi akasimama.

"Huyo mzee aliacha nini kingine?"

"Saa ya ukutani na ng'ombe wawili."

"Ng'ombe alichukua nani?"

"Jirani aliyemzika."

"Afadhali," alisema, akavuta mashine nyingine.