Turbo Niliyoifunga Nachingwea

Siku ya kwanza nilipofika karakana ya mradi wa visima, Nachingwea, nilivaa ovaroli iliyonizidi ukubwa, na cheti changu cha ufundi wa magari nilikuwa nimekikunja ndani ya gazeti. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Fundi Mkuu hakukiulizia cheti. Alinitazama, akavitazama viatu vyangu, akasema, "Binti, kwenu wapi?"

"Ruangwa, Mzee. Sisi Wamwera."

"Ruangwa kuna vumbi kama la hapa?"

"Lipo, Mzee."

"Basi adui unamjua tayari." Akanipa chujio la hewa kutoka kwenye moja ya magari, akaniambia nilikung'ute mpaka lisitoe vumbi tena. Nililikung'uta asubuhi nzima. Alipolipokea aliligonga mara moja kwenye meza, vumbi jekundu likamwagika. Akanirudishia nianze upya.

Karakana yenyewe ilikuwa banda kubwa la bati lililobaki tangu enzi za mradi wa karanga, na sakafu yake ilishakunywa oili nyingi kuliko gari lolote. Tulikuwa mafundi wanne, mwanamke peke yangu. Magari yalikuwa matano, yote yale ya zamani tuliyoyaita mikonga, kwa sababu ya bomba refu la kuvutia hewa linalopanda pembeni mwa kioo cha mbele. Injini zake zilikuwa za dizeli, silinda sita, hazina turbo. Zilivuta hewa kwa pumzi zake wenyewe. Kwenye mwinuko, gari likiwa na mabomba ya kisima juu, mtu wa baiskeli aliweza kukuaga akapita. Lakini magari hayo hayakulala porini.

Fundi Mkuu alikuwa Mmakonde, alivuka kutoka Msumbiji akiwa kijana, na Kiswahili chake alikizungumza polepole kama mtu anayehesabu nati. Kila asubuhi alichomoa kijiti cha kupimia oili, akaisugua oili kati ya vidole viwili, kisha akainusa. "Gari la mradi halisifiwi kwa kwenda," alikuwa akisema. "Linasifiwa kwa kurudi."

Nilimheshimu sana. Hata hivyo nilikuwa na donge moyoni. Vijijini waliniita yule dada wa spana. Madereva, nikishafunga breki, walimwita fundi mwingine aje kuangalia. Issa, dereva wa gari la kazi za kijiji cha Marambo, hakunificha: "Dada, si kwamba sikuamini. Nina watoto."

Mwaka wangu wa tatu, Mratibu wa mradi alirudi kutoka Dar es Salaam na sanduku la mbao. Ndani mlikuwa na turbo iliyotolewa kwenye gari lililopata ajali. Kwa msiojua, turbo ni feni mbili kwenye mhimili mmoja. Moshi wa ekzosi unaizungusha moja, na ile nyingine inasukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini. Hewa ikizidi unaweza kuongeza dizeli, na nguvu inapanda. Joto nalo linapanda.

"Visima vinachelewa kwa sababu magari yanatambaa," Mratibu alisema. "Tufunge hii kwenye gari la Marambo, tuone."

"Injini hii haikuzaliwa na turbo," Fundi Mkuu alijibu. "Zilizozaliwa nayo, pistoni zake zinarushiwa oili kwa chini ili zipoe. Hizi hazina kitu hicho. Tutapata mbio, halafu tutapoteza injini."

Mratibu akanigeukia mimi. "Wewe umetoka chuoni juzi. Mlifundishwa turbo?"

"Tulifundishwa."

"Utaweza kuifunga?"

Nilimwona Fundi Mkuu akitazama sakafu. Nikasema, "Nitaweza."

Hakukasirika. Baadaye aliniita pembeni, akaniambia, "Umeshakubali, basi ifunge vizuri. Lakini pampu ya dizeli usiiguse. Ukiongeza hewa bila kuongeza dizeli, joto halitakuwa baya sana."

Nilimwahidi. Kazi ilinichukua siku tisa. Nilikata na kuchomelea upya bomba la ekzosi, nikavuta njia ya oili ya kulainishia turbo, nikafunga kila kitu kwa mikono yangu. Tulipolijaribu barabara ya Ruangwa, tofauti ilikuwa ndogo. Mratibu alishuka, akafunga mlango, akasema tu, "Kumbe ndiyo hii?"

Maneno yale yaliniuma kwa wiki nzima. Fundi Mkuu aliposafiri kwenda Lindi kufuata vipuri, niliichukua bisibisi, nikaifungua skrubu ya pampu ya dizeli nusu mzunguko, ili injini ipate dizeli zaidi. Nikajaribu gari. Nikaongeza nusu nyingine.

Gari likaruka. Issa alipanda nalo mwinuko uliokuwa ukimtesa, akiwa kwenye gia ya tatu na mzigo nyuma. Aliporudi alikuwa anacheka. "Fundi," aliniambia, "sasa hili ni gari." Ilikuwa mara ya kwanza kuniita fundi. Sikumwambia Fundi Mkuu nilichofanya. Kila siku nilipanga kumwambia, na kila siku nilipata sababu.

Masika yaliyofuata tulikuwa Marambo tukishusha mabomba kisimani. Mimi nilikwenda kutengeneza injini ya kuvutia maji. Mnyororo wa winchi ulikatika, bomba likaanguka juu ya mkono wa kulia wa Saidi, fundi wetu wa pampu, likausaga kuanzia kiwiko kushuka. Tulimfunga kwa kanga, tukampakia garini, nikakaa naye nyuma. Ilikuwa saa sita mchana.

Issa alikanyaga mafuta, na matope yale yalitaka nguvu kweli. Tulikuwa tumebakiza mwinuko mmoja tufike barabara kuu niliposikia injini ikigonga, kama mtu anayepiga debe tupu kwa nyundo. Moshi mzito ukafunika nyuma, kisha gari likazima. Injini ilikuwa imenoki, imekufa. Issa alipiga stata mara tatu, halafu akageuka kunitazama mimi, si Saidi.

Tulikata miti miwili, tukafunga turubai, tukambeba. Wanavijiji walitupokea kwa zamu, wengine hata majina yao sikuyajua. Kila tulipoteleza Saidi aliguna. Barabarani tulisubiri mpaka likapita trekta. Tulifika hospitali jua likizama. Daktari alituambia mkono ulikaa muda mrefu mno bila damu. Waliukata.

Gari lilipovutwa hadi karakana, Fundi Mkuu aliniambia niifungue injini mwenyewe. Nilitoa hedi, kile kifuniko cha juu cha silinda. Pistoni ya tatu ilikuwa na tundu katikati, kingo zake zimeyeyuka kama mshumaa. Aliingiza kidole tundoni, akakitoa. Kisha akaenda kwenye pampu, akaiinamia ile skrubu.

"Nani aliigusa hii?"

"Mimi, Mzee."

"Lini?"

"Ulipokwenda Lindi."

Alijifuta mikono taratibu, kidole kimoja kimoja. "Nimekuuliza mara moja, umenijibu mara moja," alisema. "Ungenizungusha, leo ungevua ovaroli hiyo. Sasa utaisuka injini hii upya, bila turbo, na mimi nitakaa hapa nakutazama."

Katika ripoti aliandika kwamba karakana ni yake na kosa ni lake. Nilimwomba aandike jina langu. Alikataa. Mratibu aliisoma, akatia sahihi, na habari ya turbo haikutajwa tena pale.

Nilikwenda hospitali nikamweleza Saidi ukweli wote: ahadi niliyoivunja, skrubu, na kwa nini. Alinisikiliza mpaka mwisho, akageuzia uso ukutani. Niliondoka. Aliacha kazi, akarudi kulima, na hatukuonana kwa miaka mingi.

Miaka ya elfu mbili nilihamishiwa kituo cha Ruangwa, nikiwa Fundi Mkuu sasa. Meneja wa kituo, mtu mchangamfu, aliniomba niyaongezee magari nguvu; alisikia nina ujuzi huo. Nilimwambia nitabadilisha nozeli za dizeli, nitazibua rejeta, nitahakikisha kila gari linarudi, lakini sitafunga turbo kwenye injini isiyo yake. Akasema anaweza kutafuta fundi mwingine. Nikamjibu, "Mtafute, Bwana Meneja, lakini nikabidhi kwanza barua ya kuniachisha kazi." Hakutafuta.

Msimu mmoja wa ufuta, Saidi alikuja karakana. Alishika kofia kwa mkono wa kushoto. Nilishindwa hata kumkaribisha kiti.

"Nilikuchukia, fundi," alisema. "Nilikuchukia mpaka nikachoka."

"Una haki."

"Walikuja wengi kunipa pole. Aliyekuja kuniambia ukweli ni wewe tu." Alikaa, akaomba maji. Tulizungumza habari za mvua na wadudu wa korosho, akaniuliza kama nina watoto. Alipoondoka nilijifungia stoo, nikalia.

Sasa nimestaafu. Mafundi vijana huniuliza kama nachukia nguvu. Hapana. Fundi asiyependa injini kali alikosea kazi. Nawaambia waijue injini kabla ya kuidai, na wakikosea, wawahi kusema kabla hawajaulizwa. Mimi nilisubiri niulizwe. Hilo ndilo linaloniamsha mapema hadi leo, kuliko skrubu yenyewe.

Mwezi uliopita mwalimu jirani yangu alinunua gari kuukuu la dizeli lenye turbo yake ya kiwandani, akaniomba nilikague. Nililikagua kutwa. Jioni akanipa ufunguo: "Mama, endesha mwenyewe uone."

Nikalipeleka mlimani. Lilipanda kama linateremka, na mimi, bibi wa wajukuu saba, nikajikuta nacheka peke yangu kama Issa siku ile. Juu nikasimama. Injini ya turbo haizimwi papo hapo. Ukiizima, ile oili iliyomo kwenye feni inaungulia humo humo. Nikaiacha ingurume polepole, mikono yangu ikiwa juu ya usukani, Ruangwa yote iko chini. Sikuwa na haraka. Nilisubiri mpaka ilipopoa vizuri, ndipo nikaizima.