Riwaya Iliyomwaga Damu Karakanani kwa Ami Badawi

Hili kovu la mkono wangu wa kushoto, watu huniuliza kama nilivamiwa na wezi.

Hapana. Nilichomwa patasi kwa sababu ya kitabu cha hadithi.

Cheka ukitaka. Hata mimi nilikuwa mtu wa kuvicheka vitabu, mpaka siku nilipoona damu ya mtu ikijaa kwenye maua niliyoyachonga kwa mikono yangu mwenyewe.

Naitwa Faiz. Ni fundi wa nakshi, milango na makasha, hapa Mji wa Kale, Mombasa. Karakana ni ya Ami Badawi, ndugu mdogo wa marehemu babangu, mzee wa sauti kubwa na machozi ya karibu. Chini yake tulikuwa mafundi watatu: mimi, Khubaib na Mung'aro.

Mung'aro kwao ni Kaloleni, ndani ndani huko. Mpole, maneno machache, na kwenye mbao hakuna aliyemfikia. Alilala chumba cha nyuma cha karakana. Miaka yote niliyofanya naye kazi sikuwahi kumwona akienda kwao, hata sikukuu.

Sasa sikiza desturi ya kwetu, maana bila hiyo hutanielewa.

Kazi za kelele ni asubuhi. Tukishakula cha mchana, nyundo zinalala. Hapo ni msasa tu na patasi ya kusukuma kwa mkono. Khubaib anapanda juu ya mlango uliolazwa ambao haujamalizika, anakunja miguu, anatusomea riwaya. Ana sauti tamu, na sehemu yake ya kazi tunaigawana. Mtaa mzima unajua. Hata muuza kahawa akipita mlangoni hunyamazisha vikombe vyake.

Mwaka jana akaja jamaa mmoja na kasha bovu la mvule, bawaba zimeng'oka, kifuniko kimepasuka. Jamaa mtaratibu, mkono mmoja haukutoka mfukoni. Mung'aro siku hiyo alikuwa Kilindini kufuata mbao. Jamaa akaacha kasha, akasema atarudi.

Ndani tukakuta kitabu. Jina lake *Moshi wa Jiko la Mama*.

"Mwenyewe kasahau," akasema Ami Badawi. "Tukisome, akija tumrudishie."

Mung'aro aliporudi na kuliona lile kasha, alisimama mlangoni muda mrefu.

"Hilo tengenezani nyinyi," akasema. "Mimi silishiki."

Nikadhani amechoka.

Kisa chenyewe cha kitabu ni hivi. Kijijini kuna mzee mwenye minazi yake, mkewe na wana wawili. Mdogo anataka shamba. Anaungana na vijana wenzake, wanamsingizia babake uchawi eti kwa sababu kichwa kimejaa mvi na macho ni mekundu. Wanamvamia na mapanga, wanamuua, wanachoma nyumba. Mdogo anatoroka.

Na mama? Mama kila jioni anapika sima, anamtengea sahani yake yule mwana mtoro. Miaka nenda miaka rudi. Sahani, machozi, moshi. Sahani, machozi, moshi.

Kila sura ikiisha, karakana inageuka baraza la vita.

"Hino ndiyo riwaya!" Ami Badawi hujifuta machozi kwa kofia yake. "Moyo wa mzazi huo. Hichi kitabu wangesomeshwa watoto shule zote."

"Ami, hii ni sukari tupu," nikamjibu siku moja. "Mumeo akatwe kama nyama ya mishikaki, halafu umpakulie muuaji mchuzi? Huyo mama ana wazimu."

Nikacheka. Kosa langu.

Kopo la gundi likanipita sikioni likapasuka ukutani. Ami Badawi alikuwa ameshasimama, ameshika la pili.

"Wamcheka mama wa watu, Faiz? Wacheka mbele yangu?"

"Ami, ni hadithi!"

Kopo la pili lilinipata begani. Khubaib akaingia kati, akapigwa kikumbo, akaangukia meza ya patasi na kuchanika kiganja. Mafundi wazima, tunatoana damu kwa ajili ya sima ya kwenye karatasi!

Bi Mwanaesha, mke wa Ami Badawi, akateremka kutoka juu na sinia la mahamri. Hata hakuuliza. Alikuwa akisikiliza dirishani siku zote.

"Mnajua mimi ningefanya nini?" akasema akitufunga vidonda. "Hiyo sahani ningemtengea. Na sumu ya panya ningeitia. Ale ashibe."

Tukacheka sote, isipokuwa mmoja.

Mung'aro alichukua nyundo akaipiga patasi yake, paa! Saa ya kusoma, nyundo! Hakuna aliyewahi kufanya hivyo kwetu. Ubao mzima wa siku tano ukapasuka katikati.

"Uongo," akasema. "Babangu mimi aliuawa hivyo hivyo. Mapanga, moto, kila kitu. Na hakuna mama duniani anayeweka sahani. Mwasikia? Hakuna."

Wallahi, pale nilitamani ardhi inimeze. Kumbe tulikuwa tunachezea kidonda cha mtu.

Ami Badawi akamkumbatia, akalia upya. "Mwanangu. Samahani, mwanangu. Kwani ni nani aliyefanya?"

Mung'aro aliinama kuokota kipande cha ubao uliopasuka.

"Ni nduguyo? Kama kitabuni?"

Akaitikia kwa kichwa. Polepole.

"Basi nakuapia," Ami Badawi akasema, "nikimuona huyo mbwa kwa macho yangu, kichwa nampasua mimi."

Kuanzia siku hiyo Mung'aro hakulala. Chumbani kwake taa haikuzimwa, na mlango aliuegemezea kasha zito kwa ndani. Patasi aliyotembea nayo kiunoni aliinoa mpaka ikawa inanyoa nywele za mkono. Mimi nikamhurumia. Nikajiambia, majonzi hayo.

Ikafika sura ya mwisho.

Khubaib alisoma vizuri siku ile. Mwana mtoro anarudi, amevaa matambara. Mama anamwona njiani. Anakimbia, anamkumbatia, anamkalisha jikoni, anampa sahani. Kaka mtu anakuja kutoka shambani na panga lake, analitupa chini, wanalia wote watatu ndani ya moshi. Mwisho.

Ami Badawi alikuwa hoi kwa kilio. Hata mimi, nisiseme uongo, msasa nilikuwa nimeuweka chini.

"Hodi wenyewe."

Yule jamaa wa kasha. Amesimama mlangoni, mkono mfukoni kama kawaida.

"Karibu, karibu," Ami Badawi akajipangusa. "Kasha lako tayari. Na kitabu chako tumekimaliza sasa hivi, bwana wee. Kitamu!"

Jamaa hakumtazama. Alimtazama mtu aliyekuwa nyuma yetu.

"Mung'aro," akasema. "Ni mimi, Elvis. Ndugu yako."

Sikuwahi kumwona mtu akibadilika vile. Uso wa Mung'aro ulikauka. Mkono ukaenda kiunoni.

"Nlijua ni weye! Tangu nilione kasha, nlijua! Wanichezea kwa kitabu? Toka! Ntakuua kabla hujanimaliza!"

Akaruka.

Sikufikiri, nikajitia kati. Nilisikia kitu cha baridi kikipita mkononi mwangu. Nilipotazama, patasi ilikuwa imeingia upande huu na kutokeza upande wa pili. Mayowe niliyopiga sikuyajua kama ni yangu.

Ndipo Ami Badawi alipoelewa. Au alipodhani ameelewa.

"Kumbe ndiye huyu! Muuaji wa babake!"

Mzee yule yule ambaye machozi ya msamaha hayajamkauka shavuni, alichukua nyundo ya mti na kumtandika Elvis taya. Nilisikia mfupa ukilia. Elvis akaanguka juu ya mlango wangu, meno mawili yakaruka. Khubaib, msomaji wetu mwenye sauti tamu, akamrukia kifuani kwa magoti. Teke la mbavu. Jingine la mbavu. Watu wawili wa mtaani wakaingia bila hata kuuliza kuna nini, nao wakapiga.

Na mimi? Nilikuwa nimeegemea ukuta, patasi bado imenikwama mkononi, damu inanichuruzika, na nilikuwa nikipiga kelele, "Muueni! Muueni mbwa huyo!"

Naam, ni mimi huyo huyo niliyesema kile kitabu ni sukari tupu.

Elvis hakujikinga. Kila nyundo iliposhuka alikuwa akijaribu tu kumtafuta ndugu yake kwa macho. Damu yake ilijaa kwenye maua ya mlango, ikafuata kila jani nililolichonga.

"Basi! Basi, nyie mashetani!"

Bi Mwanaesha. Yule wa sumu ya panya. Aliteremka bila buibui, akajilaza juu ya Elvis mwili mzima, na nyundo ya mumewe ikasimama hewani.

"Mtazameni mkono," akasema.

Mkono ulikuwa umetoka mfukoni. Vidole viwili havikuwepo. Na kiganjani kovu pana, kovu la mtu aliyeshika panga kwa makali.

"Mtu anayeua hukatwa hivi?" Bi Mwanaesha akauliza. "Huyu alikuwa anakinga."

Pole pole vichwa vyote vikageuka.

Mung'aro alikuwa amepiga magoti.

"Si yeye," akasema. "Si yeye, Ami. Ni mimi. Baba alikuwa anakata roho, na Elvis amemfunika kwa mikono. Nikakata na mikono."

Tulikuwa tumempiga yule aliyebaki na mama, kwa niaba ya yule aliyetoroka.

Elvis alitema damu, akazungumza kwa taya lililovunjika, neno moja moja.

"Hicho kitabu... nilikinunua Makadara, kwa muuza mitumba. Nilikichukia. Mama hakukuwekea sahani, Mung'aro. Hata siku moja."

"Basi kwa nini ulikileta?"

"Nilisikia uko hapa, na kwamba huku mnasomeana. Nikaona ukisikia mwisho wake, utajua sikuja na polisi. Kasha la mama nililileta ili ujue natoka kwake. Yuko kitandani. Siku zake zimekwisha."

"Amenisamehe?"

"Hapana. Ana neno, na anataka kukwambia usoni. Kukwambia nini, sijui."

Mung'aro alilia kilio ambacho sijakisikia kitabuni wala msibani. Kitabu kimoja, na Ami Badawi alisikia huruma, mimi nikasikia upuuzi, lakini yeye kila sura alikuwa akisikia mtu anamjia. Mlango uko wazi, na njia ya stendi anaijua. Tulimtazama sote kama atakimbia tena.

Akaja kwangu kwanza. "Nisamehe mkono, Faiz." Nikageuza uso. Kisha akamwinua ndugu yake kutoka kwenye damu, akamtia mgongoni, akambeba mpaka kwenye tuktuk. Mimi na Elvis tulilazwa wodi moja. Mung'aro alikaa sakafuni kati ya vitanda viwili mpaka Elvis alipoweza kusafiri, wakaenda kwao pamoja.

Elvis alirudi peke yake baada ya mazishi, kuchukua kasha.

Akatueleza. Mama alimtazama Mung'aro, akamshika uso, akasema maneno mawili: "Nenda ukaseme." Basi. Akageukia ukutani. Kesho yake Mung'aro alikwenda kituoni kwa miguu yake akasema kila kitu, na majina ya wenziwe. Kesi bado inaendelea.

Ami Badawi akamshika Elvis mkono, ule wenye vidole vitatu. Machozi hayo!

"Mwanangu, nisamehe. Wallahi nilikuwa sijui."

Elvis akautoa mkono wake taratibu. Hakuwa na hasira.

"Ami, usiniombe leo. Kitabuni msamaha huja ukurasa wa mwisho. Mimi bado sijafika."

Akabeba kasha la mamake akaondoka. Kitabu alituachia.

Mlango wangu ule ulinunuliwa na tajiri mmoja wa Kizingo. Niliupiga msasa mpaka vidole vikachubuka, lakini kwenye mizizi ya maua wekundu umebaki. Yeye anadhani ni rangi ya mbao.

Ndugu msomaji, mafunzo yangu ni haya. Kulilia watu wa kitabuni ni rahisi, sote tunaweza, na ukimaliza unajiona mtu mwema. Mimi na ami yangu tuliligombania neno msamaha hadi tukarushiana makopo, na alipotokea mtu wa kweli mlangoni, tulimvunja taya kabla hatujamuuliza jina la baba yake. Siku hizi kabla sijamhukumu mtu namtazama kwanza mikono.

Khubaib ameanza kutusomea riwaya nyingine, na Ami Badawi husikiliza kimya, nyundo ameiweka mbali.