Dirisha Nililoliziba kwa Sitara

Chumba cha uani cha nyumba yetu, hapa Jadida, kilikuwa na dirisha moja tu, na mimi ndiye niliyeliziba. Jirani alikuwa amejenga nyuma yetu, na barazani kwake wakawa wanakaa wanaume kutwa. Binti yetu wa pekee, aliyelala chumba hicho, alikuwa keshakuwa mwari. Nikasema sitara kwanza. Nikapanga matofali kwa mkono wangu, nikapiga lipu, nikamalizia kwa rangi ya mafuta. Mke wangu alisimama mlangoni akaniuliza, "Na hewa itapita wapi?"

Nikamjibu kwamba mlango upo.

Masika ya kwanza tu, koga ikaota. Ilianzia pembeni, nyuma ya kitanda, madoa meusi yakipanda ukuta. Nikapaka rangi juu yake. Masika yaliyofuata ikatoka tena, nami nikapaka tena. Binti alikuwa akiamka kifua kimembana, tukasema ni baridi ya mvua. Nguo mbichi tulizianika humo humo, maana nje kulikuwa kunanyesha. Sasa najua tulikuwa tukiinywesha koga maji.

Kwetu, binti akikaribia kujifungua mtoto wa kwanza hurudi kwao, akakaa arobaini mikononi mwa mama yake. Wetu aliolewa kijijini Vitongoji, na siku zilipokaribia, mama mkwe wake akaja kuangalia chumba. Tulikuwa tumefukiza udi tangu alfajiri. Yule mama akanusa, akalivuta godoro kidogo kutoka ukutani, akatazama, akalirudisha taratibu.

"Mashaallah, udi mzuri," akasema. "Lakini mtoto mchanga havuti udi peke yake."

Arobaini ikakaliwa Vitongoji. Mke wangu akawa anakwenda kumwogesha mjukuu wake kwenye nyumba ya watu, anabisha hodi kama mgeni. Hakunilaumu. Heri angenilaumu.

Mwaka huu binti akapata mimba ya pili. Safari hii sikununua rangi. Nilichukua nyundo na patasi.

"Taratibu, mzee," mke wangu akasema, vumbi likimjaa kichwani. "Usije ukaiangusha nyumba."

"Nyumba niliiangusha siku ile niliyoziba hapa."

"Basi usinililie mie. Gonga!"

Dirisha likarudi. Juu ya mlango tukatoboa matundu, upepo uingie huku utokee kule. Nikabandua rangi na lipu iliyooza mpaka nikafika kwenye tofali, nikauacha ukuta ukauke kiangazi chote kabla ya kuupaka chokaa. Nikautengeneza na mfereji wa bati wa paani, uliokuwa ukivuja na kuumwagia maji ukuta ule ule kila mvua ilipopiga. Kitanda tukakisogeza mbali na ukuta, na nguo mbichi zikahamia ukumbini, penye upepo. Mwisho mke wangu akatundika pazia jepesi dirishani. Nililitazama kwa muda mrefu. Sitara yote niliyoitafuta kwa matofali, kumbe ilitosha kitambaa.

Binti alifika juzi, tumbo liko mbele, mwanawe kamshika mkono. Mlangoni pa chumba akasita.

"Baba, mbona leo hamkufukiza?"

"Nataka ukinuse chumba chenyewe."

Akaenda moja kwa moja kwenye ile pembe. Akaweka kiganja ukutani, akainama akanusa, nami nikasimama pale kama mwanafunzi anayengoja majibu ya mtihani. Pazia likapepea. Kutoka barazani kwa jirani kikaja kicheko cha wanaume.

"Sauti zao zinaingia," akasema.

"Zinaingia. Nizibe?"

"Thubutu!" akasema mama yake kutoka ukumbini.

Binti akacheka. Akaweka mkoba wake kitandani, akaketi, akavua viatu, kisha akaniambia nikashushe mizigo iliyobaki garini.