Panga Kwenye Chai ya Wenyewe

Hakuna kitu chini ya jua kinachoweza kunishangaza. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia watu pale Litein, na sikuwa nasema kwa mzaha. Mtu aliyeacha shule darasa la sita, akachuma chai ya wengine miaka tisa, akanunua viazi Londiani na kuviuza Soin gunia kwa gunia mpaka akapata lori, halafu lori la pili, halafu ekari nane za chai yake mwenyewe, huyo utamshangaza na nini? Wenye digrii wananiomba lifti. Nasema haya mapema ili ujue ni mtu wa namna gani aliyetoka nyumbani Agosti ile.

Safari ilikuwa ya binti yetu. Alisomea uuguzi Eldoret, akakutana huko na kijana wa Rwanda aliyekuwa akisomea mambo ya mifugo, wakakubaliana. Sasa kwetu Wakipsigis, upande wa kijana ndio unakuja kwanza. Wanakuja kwa baba wa msichana, wanakaa, wanaongea, wanarudi, wanakuja tena, mpaka siku ya koito, ndipo ng'ombe wanatajwa. Baba wa msichana kufunga safari kwenda kuchungulia boma la kijana ni kama kumtembeza mtoto wako sokoni. Nilikataa kabisa.

Lakini huyo binti ametoka kwangu, ujanja anao. "Baba, nani amesema tunaenda kwa wakwe? Tunaenda kutembea. Kila mtu anakimbilia Mombasa, wenye pesa Dubai. Sisi tuone majirani. Uganda, Rwanda, turudi na Tanzania. Hapo Rwanda tutapita tu kwa mama mmoja, tusalimie."

Mke wangu alicheka mpaka akaweka sufuria chini. Nikakubali, maana kutembea ni kutembea.

Asubuhi ya kuondoka, injini ikiwa imewashwa, binti alikuja dirishani kwangu. "Baba, nakuomba kitu kimoja. Yule mama alimlea kijana peke yake, hana mwingine. Kijana ameniambia wazi, mama yake akikataa, hataenda kinyume naye. Kwa hivyo ukifika kwake, tafadhali, usimfundishe mtu kazi."

"Mimi namfundisha nani?"

"Baba."

"Sawa, sawa. Ingia gari."

Uganda haikuisha kabla sijavunja hiyo sawa yangu. Hoteli moja ya Kabale walituletea chai, nikaiangalia. Nilikuwa nimebeba majani yangu ya nyumbani kwenye mkebe. Nikamwambia msichana wa meza, "Dada, haya ni maji ya kuoshea vikombe." Nikaingia jikoni mwao, nikachemsha mwenyewe, maziwa na majani pamoja, ikapanda mara mbili. Mpishi alisimama pembeni amekunja mikono. Nilirudi mezani kama mtu aliyeshinda kura. Mke wangu alikunywa. Binti alisukuma kikombe chake pembeni, akaangalia nje.

Pale Gatuna ukivuka mpaka, gari linahamia mkono wa kulia wa barabara, na mke wangu alishikilia mlango mpaka tukafika. Nikaona chai yao. Iko chini bondeni, imechimbiwa mitaro ya maji, halafu mahindi yako juu mlimani. Kwetu chai ndiyo inakaa juu. "Hawa watu wamepindua shamba," nikasema.

"Endesha gari," mke wangu akasema.

Mama wa kijana alitupokea kwa mikono miwili. Alikuwa mwembamba, wa rika langu, na Kiswahili chake kilikuwa cha Goma, alikouza vitenge zamani. Mimi aliniita Papa. Alitupa maziwa, akatupikia, akatuambia kijana angefika kutoka Kigali kesho yake jioni. Sikuona kosa. Nilikaa jioni nzima bila kumsahihisha mtu, na wakati wa kulala binti aliniambia, "Asante, Baba." Sijui kama amewahi kuniambia asante kwa sauti ile, hata siku nilipolipa karo yote kwa mara moja.

Mimi huamka alfajiri, nyumbani ama ugenini. Kesho yake, Jumamosi, nilitoka nje kabla ya wanawake, nikazunguka nyuma ya nyumba. Hapo nikakuta mistari mitano ya chai, mashina kama sabini, yamekua mpaka kifuani. Haijachumwa. Matawi marefu, laini, yameenda juu kama mwanzi. Kwetu chai ikipita kiuno, watu wanapita barabarani wakiuliza mwenye shamba amekufa lini. Nikasema moyoni, masikini, mwanamke peke yake, hana mkono wa kumsaidia. Na panga lilikuwa ukutani, lenye makali.

Nilikata yote. Nilikata vizuri, bapa kama meza, nikaacha matawi chini katikati ya mistari, jinsi tunavyofanya sisi ili yaoze yalishe udongo. Nilifurahi sana. Niliwaza jinsi atakavyotoka aone kazi ya mwanamume wa Kericho, na jinsi harusi itakavyokuwa imekwisha kupita hapo hapo. Nikarudisha panga, nikanawa, nikangoja aite watu kwa chai ndipo nimwambie.

Mezani yeye ndiye alianza. "Leo mutaona kazi yetu," alisema. "Wamama wa kikundi wanakuja saa nne kukata vipando. Ile chai ya nyuma ya nyumba, miezi sita sijagusa hata jani. Wamelipa tayari, na udongo wa miche umeshajazwa kwenye mifuko."

Mtu wa chai hahitaji kuelezwa zaidi. Ilikuwa chai mama, ile inayoachwa ikue kwa makusudi ili matawi yake yakatwe vipande vya kuotesha. Nimeiona maisha yangu yote kwenye mashamba makubwa, ikiwa na uzio na kibao. Hapa haikuwa na kibao, na mimi sikuuliza.

Lakini hilo silo linaloniamsha usiku. Linaloniamsha ni hili: ilikuwa saa mbili. Tawi la chai lililokatwa alfajiri, ukilitia kwenye maji kivulini saa mbili, bado linaota. Jua lilikuwa halijapanda mlima. Ndoo nne zilikuwa hapo mlangoni, zimeoshwa, zinawangoja hao wamama. Nilihitaji kufungua mdomo tu. Binti alikuwa anacheka na huyo mama kwa jambo fulani, na huyo mama alikuwa amemwekea mkono begani. Nikaangalia ule mkono.

Nikasema, "Mama, chai yako ni tamu sana. Niongeze kidogo."

Mke wangu alinigeukia. Hajawahi kunisikia nikisifu chai ya mtu.

Saa nne wamama walikuja, kumi na wawili, na visu na magunia yaliyolowekwa maji. Jua lilikuwa kali. Tulisikia kelele nyuma ya nyumba, tukatoka. Kinyarwanda sijui hata neno moja, lakini nilielewa kila kitu. Kiongozi wao alikuwa anamnyooshea kidole mwenyeji wetu. Huyo mama alikuwa ameshika kichwa.

"Wanasema nini?" binti aliuliza.

"Wanasema nimeuza kwa wengine usiku, nimekula pesa yao mara mbili," huyo mama alijibu. "Wanasema ndiyo maana nimeleta wageni, nipate kisingizio. Miaka yote nimeshika hazina ya kikundi, leo naitwa mwizi mbele ya watu wa mke wa mtoto wangu."

Hata hapo sikusema. Niliinama nikaokota tawi, nikatikisa kichwa kama mtu anayesikitikia hasara ya jirani.

Utomvu wa chai ukikauka kwenye ngozi unakuwa mweusi, na maji matupu hayautoi. Binti amekulia kwenye chai. Alikuja mpaka mbele yangu, akasema kwa Kiswahili, polepole, huyo mama asikie.

"Baba, fungua mikono."

Nilifungua. Ningefanya nini tena?

Huyo mama hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliokota tawi moja akajaribu kulivunja, likajikunja tu kama kamba, limeshanyauka. "Papa, ulikata saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili."

"Na saa mbili nikakuambia wanakuja."

"Ndiyo."

"Ukaomba chai."

"Ndiyo."

Akawaeleza wenzake. Wengine walinitazama, mmoja akacheka, na kile kicheko nilistahili. Nilitoa noti. Kiongozi akarudisha mkono wangu nyuma: walitaka vipando, si noti, udongo ulikuwa unangoja. Huyo mama akamshika binti yangu mkono, akasema, "Wewe umesema kweli mbele ya baba yako. Wewe utaingia kwangu." Kijana alipofika jioni alinisalimia kwa heshima, na nilijua ameshaambiwa.

Tulirudi kwa njia ya Tanzania, Rusumo mpaka Mwanza mpaka Sirari. Nilikunywa kila chai niliyopewa. Mke wangu aliendesha, binti akakaa mbele naye, mimi nikakaa nyuma na mizigo, na hakuna aliyenifukuza kutoka mbele, nilihamia mwenyewe.

Desemba kijana na mama yake wakaja kwetu kwa koito. Ndugu zangu walitaja ng'ombe wengi, wakanigeukia niwaunge mkono, nikasema wachache wanatosha. Walishangaa. Walipouliza safari ilinigharimu nini mpaka nikawa mpole hivyo, niliwadanganya kwamba pesa ziliishia kwenye karatasi za gari mpakani. Hazikuishia huko. Zilikuwa za kulipa nilichoharibu, vipando elfu saba kutoka bonde lingine, lori la kuvileta, na siku tatu za wamama kumi na wawili kurudia kazi yao: shilingi elfu thelathini na tisa, mia sita na arobaini.